Mtego au Kizuizi? Historia ya Kijenzi Kimoja cha Antena na Funzo Lake kwa Waunda Istilahi

1. Utangulizi

Mfasiri wa vitabu vya ufundi hasumbuliwi sana na maneno marefu yenye asili ya Kilatini au Kiyunani. Neno la namna hiyo hujitangaza lenyewe kuwa ni geni; mfasiri akilifikia husimama, hufungua kamusi, na huwauliza wajuzi. Linalomponza ni neno fupi la kila siku, ambalo kila mtu anadhani anaijua maana yake, na ambalo mafundi wamelichukua zamani na kulitwika mzigo mwingine. Hapo mfasiri hasimami. Huandika tafsiri yake mara moja, naye mwanafunzi hulipokea kosa pamoja na somo.

Neno la Kiingereza "trap" ni mfano mzuri wa jambo hili. Kila aliyesoma lugha hiyo kwa mwaka mmoja anajua kwamba maana yake ni mtego. Lakini katika fani ya redio ya ridhaa, yaani redio inayoendeshwa na watu binafsi kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana bila ya malipo, neno hilo ni jina la kijenzi kinachofungwa katikati ya waya wa antena ili antena moja iweze kutumika katika bendi mbalimbali za masafa. (Neno ridhaa tunalitumia kwa maana ile ile iliyozoeleka katika michezo, ya kazi ifanywayo kwa kupenda, si kwa ujira.) Kijenzi hicho hakitegi wala hakinasi kitu. Je, tukiite mtego?

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kijenzi hicho, na hasa jinsi mafundi wa ridhaa walivyochagua vitu vya kukitengenezea wenyewe nyumbani. Kisha tutaonyesha kwamba historia hiyo ndiyo inayotoa jibu la swali la jina. Shauri hili halihusu ufasaha wa lugha peke yake. Jina baya humfanya fundi achague kapasita isiyofaa, na kapasita isiyofaa hupasuka.

2. Chimbuko la jina

Katika miaka ya 1920, utangazaji wa redio ulipoenea Marekani na Ulaya, mitambo ya kupokelea ilikuwa bado haijaweza kutenganisha vituo vizuri. Msikilizaji aliyeishi karibu na kituo chenye nguvu alikisikia kituo hicho hata alipokuwa akitafuta kingine. Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi: koili moja na kapasita moja, zilizorekebishwa zilingane na masafa ya kituo kinachosumbua, ziliwekwa baina ya antena na mtambo. Wimbi la kituo hicho lilizuiwa hapo, na mawimbi mengine yakaendelea na safari yao.

Kifaa hicho kiliitwa mtego wa wimbi. Kwa msikilizaji wa siku hizo jina hilo halikuwa na kasoro kubwa, kwani aliliona wimbi sumbufu kama panya anayekamatwa mlangoni kabla ya kuingia ndani. Tena nguvu ya umeme iliyopita humo ilikuwa ndogo mno, ile tu iliyookotwa na antena kutoka hewani. Kwa sababu hiyo vijenzi vyake vilikuwa vidogo na vya bei nafuu, na hapakuwa na hofu ya kitu chochote kuungua.

Mnamo Agosti 1940 Mmarekani Howard K. Morgan alieleza katika jarida la Electronics jinsi saketi ya aina hiyo hiyo inavyoweza kuwekwa katika waya wa antena wenyewe, ili antena moja ifanye kazi katika masafa zaidi ya moja. Hapo kifaa kilihama. Kilitoka mlangoni pa mtambo wa kupokelea, kikaenda kwenye mikono ya antena, tena antena ya kurushia, ambako umeme si ule wa kuokotwa bali ni wa kusukumwa kwa nguvu. Kazi yake nayo ilibadilika. Lakini jina halikubadilika, na tangu hapo neno na kitu vimekwenda njia mbili mbalimbali.

3. Haja iliyokieneza

Kijenzi cha Morgan hakikuenea mara moja miongoni mwa watu wa ridhaa, na sababu yake yafaa ielezwe. Bendi zao za zamani zilipangwa kwa namna ya kuzidishwa maradufu: megahezi 3.5, 7, 14 na 28. Waya mmoja uliopimwa kwa bendi ya chini uliweza kulazimishwa kufanya kazi katika bendi za juu, kwa kuulisha kwa nyaya mbili sambamba na kuurekebisha kwa kifaa maalumu kilichowekwa mezani karibu na mtambo. Utaratibu huo ulikuwa na adha zake, lakini ulitosha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hali ilibadilika. Bendi ya megahezi 21, iliyokubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa Atlantic City mwaka 1947, ilifunguliwa Marekani mwaka 1952. Televisheni nayo iliingia majumbani, na jirani wa mtu wa ridhaa akaanza kulalamika kwamba picha yake inaharibika kila mtambo wa upande wa pili unapowashwa. Mafundi wakalazimika kuifunika mitambo yao kwa mabati na kupeleka umeme kwenye antena kwa kebo ya koaksi, yaani kebo yenye waya mmoja ndani na wavu wa shaba unaouzunguka. Watu wengi huijua kama waya wa antena ya televisheni. Kebo hiyo ina faida nyingi, lakini haivumilii antena isiyolingana na masafa yanayotumika. Kwa hiyo ilitakiwa antena ambayo yenyewe inalingana na bendi nyingi, bila ya mtu kugusa kitu.

Jibu lililopata umaarufu lilitolewa na Chester L. Buchanan katika jarida la QST la Machi 1955. Antena yake imejulikana duniani kote kwa alama yake ya wito, W3DZZ. Ni waya wenye urefu wa takriban mita 33 kwa jumla, unaolishwa katikati. Kila upande una kipande cha ndani cha mita 10 hivi, kisha kijenzi chetu, kisha kipande cha nje kinachokaribia mita 7. Vijenzi viwili tu, kimoja kila upande, na antena hiyo hutumika katika bendi tano, kuanzia megahezi 3.5 hadi 28. Miaka iliyofuata, viwanda vya Marekani kama vile Mosley na Hy-Gain vikauza antena za kuzungushwa zenye vijenzi vya namna hiyo. Hata hivyo antena ya waya iliendelea kuwa mali ya watu wanaojitengenezea wenyewe.

4. Kazi yake hasa ni ipi?

Kabla ya kuzungumzia vitu vya kutengenezea, hatuna budi kufahamu kijenzi hiki kinafanya nini. Kina sehemu mbili zilizofungwa sambamba: koili na kapasita. Koili ni tepe kwa umeme unaogeukageuka polepole, na ni kaidi kwa ule unaogeuka upesi. Kapasita ni kinyume chake. Kuna masafa mamoja tu ambapo ukaidi wa kila mmoja unalingana na wa mwenzake. Katika masafa hayo umeme huzunguka baina ya koili na kapasita, kama mtoto kwenye pembea anayesukumwa kila mara kwa wakati wake, nayo saketi nzima ikitazamwa kutoka nje huwa kama ukuta. Hali hiyo tutaiita mwitiko.

Katika antena ya W3DZZ koili ina maikrohenri 8.3 na kapasita ina pikofaradi 60. Mwitiko wake uko karibu na megahezi 7.1. Mtu anaporusha katika bendi ya megahezi 7, kijenzi huonyesha ukinzani wa makumi ya maelfu ya omu, na umeme hauvuki kwenda nje. Vipande vya ndani peke yake, jumla ya mita 20, ndivyo antena. Na mita 20 ndiyo nusu ya wimbi katika bendi hiyo.

Akishuka kwenye megahezi 3.6, mambo hugeuka. Sasa umeme unapita, na kijenzi kinatenda kama koili ya maikrohenri 11 hivi. Koili iliyomo katikati ya waya huufanya waya uwe kama mrefu zaidi kuliko ulivyo. Ndiyo sababu mita 33 zinatosha mahali ambapo waya mtupu ungehitaji kiasi cha mita 40. Akipanda kwenye megahezi 14, umeme unapita pia, lakini kijenzi sasa kinatenda kama kapasita, na waya unakuwa kama mfupi zaidi kuliko ulivyo.

Basi kijenzi hiki ni mfano wa bawabu. Kuna mgeni mmoja ambaye humfungia mlango kabisa. Wengine huwapitisha, lakini hawapitishi vivi hivi. Kila mmoja humfanyia jambo lake. Hakuna anayekamatwa wala kuwekwa kizuizini.

5. Uchaguzi wa vijenzi

5.1 Uwiano wa koili na kapasita

Jambo la kwanza ambalo mtengenezaji hulikuta ni kwamba masafa ya mwitiko hutegemea zao la koili na kapasita, si kimoja chao peke yake. Maikrohenri 8.3 kwa pikofaradi 60, au maikrohenri 4.15 kwa pikofaradi 120, au maikrohenri 16.6 kwa pikofaradi 30: zote hutoa mwitiko mmoja. Mwanafunzi anayedhani kwamba kazi ya kijenzi ni kunasa masafa fulani tu atasema jozi hizo ni sawa, achague ile iliyo rahisi kupatikana. Lakini jozi hizo si sawa, kwa sababu kijenzi kina kazi nyingine katika bendi zisizokuwa zile zinazozuiwa. Koili kubwa hufupisha antena zaidi katika bendi ya chini, ila huifanya bendi hiyo kuwa finyu na hupoteza umeme mwingi zaidi kwa njia ya joto. Koili ndogo yenye kapasita kubwa huhitaji waya mrefu, lakini humpa mtumiaji uhuru wa kusogea huku na huku katika bendi bila ya kurekebisha kitu.

Buchanan alichagua thamani zake ili bendi za juu nazo zikae mahali pake. Anayebadilisha jozi hiyo kwa kuangalia mwitiko tu ataipata bendi ya megahezi 7 bila taabu, kisha atashangaa kuona nyingine zimemkimbia.

5.2 Koili

Koili njema ni ile inayopoteza umeme kidogo. Umeme wa masafa ya redio haupiti katika kiini cha waya, bali hupita katika ngozi yake ya juu. Kwa hiyo waya mnene wa shaba, wenye eneo kubwa la nje, hufaa kuliko mwembamba. Mizunguko ikiachana kidogo ni bora kuliko ikibanana, na umbo ambalo urefu wake haupitani sana na kipenyo chake ni bora kuliko umbo jembamba refu.

Koili isiyozungushwa juu ya kitu chochote, yaani inayosimama hewani, ndiyo inayopoteza kidogo kuliko zote. Lakini antena hutundikwa nje, hupigwa na upepo, na ndege hutua juu yake. Hivyo karibu kila mtengenezaji huzungusha koili yake juu ya gogo la kitu kisichopitisha umeme. Zamani ilitumika mbao iliyochemshwa katika nta ya parafini ili isinywe maji; siku hizi bomba la plastiki la mfereji wa maji ndilo lililozoeleka. Kwa nchi zetu za pwani ya Afrika Mashariki shauri hili lina uzito wa pekee. Hewa ya chumvi hula shaba na kuacha unga wa kijani, unyevu huingia katika kila ufa, na jua la utosini huifanya plastiki kuwa kavu na kuvunjika. Mbao isiyotiwa nta hunywa unyevu, na mwitiko husogea kila mvua inaponyesha.

5.3 Kapasita

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo jina linapoweza kumponza mtu. Katika bendi inayozuiwa, kijenzi kimekaa kwenye ncha ya antena inayofanya kazi. Katika waya wa nusu wimbi, mkondo wa umeme huwa mkubwa katikati na volteji huwa kubwa nchani. Kwa hiyo kapasita hupokea volteji kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya antena: mamia ya volti kwa mtambo wa kawaida, na maelfu kwa mtambo wenye nguvu. Kapasita ndogo iliyong'olewa katika redio ya kupokelea, iliyotengenezwa kwa volti 50, haidumu hapo.

Mafundi wa miaka ya 1950 walikuwa na bahati. Shehena za vifaa vya vita zilizobaki ziliuzwa kwa bei ndogo, na miongoni mwake mlikuwa na kapasita za ulanga na za seramiki zilizokusudiwa mitambo ya kurushia. Shehena hizo zilipokwisha, watu walianza kutafuta njia nyingine. Wengine walitumia mabomba mawili ya alumini, moja ndani ya jingine, yaliyotenganishwa kwa plastiki. Wengine walikata kipande cha kebo ya koaksi na kukiacha wazi upande mmoja. Kebo nyembamba iliyozoeleka, iitwayo RG-58, ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, hivyo sentimita 60 hivi hutoa zile pikofaradi 60. Ncha iliyo wazi sharti wavu wake upunguzwe kidogo ili cheche isiruke, kisha izibwe maji yasiingie.

Uchaguzi wa seramiki nao una masharti yake. Seramiki za kundi liitwalo NP0 hazibadiliki sana kwa joto. Zile za aina nyingine, zinazojaza thamani kubwa katika umbo dogo, hubadilika sana, na antena iliyorekebishwa asubuhi huwa si ile ile saa nane mchana.

5.4 Kebo kuwa koili na kapasita kwa pamoja

Hatua kubwa iliyofuata ilikuwa ya kuondoa kapasita kabisa. Mnamo Mei 1981 Robert H. Johns alieleza katika QST jinsi kipande kimoja cha kebo ya koaksi kinavyoweza kufanya kazi zote mbili. Kebo huzungushwa juu ya bomba la plastiki, kisha waya wa ndani wa upande mmoja huunganishwa na wavu wa upande wa pili. Mzunguko wa kebo ndio koili. Na kuwa karibukaribu kwa waya wa ndani na wavu katika urefu wote wa kebo ndiko kunakotoa kapasita. Mnamo Desemba 1984 jarida hilo hilo lilichapisha makala ya Robert C. Sommer kuhusu namna ya kuchagua kipenyo na idadi ya mizunguko ili upotevu uwe mdogo.

Uzuri wa njia hii kwa mtu anayejitengenezea ni dhahiri. Haihitaji kapasita adimu ya volteji kubwa. Inahitaji bomba la mfereji, kebo, na chuma cha kulehemu cha kuunganishia ncha. Lakini ina bei yake. Mtengenezaji hana tena uhuru kamili wa kuchagua uwiano, kwa kuwa akiongeza mzunguko mmoja ameongeza koili na kapasita kwa wakati mmoja.

5.5 Kupima kabla ya kutundika

Vyovyote atakavyochagua, mtengenezaji hupima mwitiko wa kijenzi kikiwa mezani, kabla hakijafungwa katika waya. Hapo pia kunakili tu hakufai. Thamani zilizochapishwa Marekani zilikusudiwa bendi ya huko, inayoanzia megahezi 7.0 hadi 7.3. Afrika imo katika Kanda ya 1 ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambako bendi hiyo ilikuwa ikiishia 7.1 hadi mwaka 2009, ilipopanuliwa hadi 7.2. Bendi ya chini nayo huishia 3.8 katika kanda yetu, wakati kule hufika 4.0. Mtu wa Tanzania, ambaye alama yake ya wito huanza na 5H, au wa Kenya ambaye yake huanza na 5Z, hana budi kurekebisha kijenzi chake kwa bendi anayoruhusiwa yeye.

6. Majina yanayoshindana

Sasa tunaweza kulirudia swali la jina tukiwa na habari kamili. Tumeyapima majina sita.

Mtego. Hili ndilo linalokuja kwanza ulimini, nalo ni neno zuri la Kiswahili. Lakini katika lugha yetu mtego hunasa, na kilichonaswa hubaki humo. Mwanafunzi atauliza: wimbi lililonaswa huenda wapi? Tena atakumbuka mtego wa wimbi wa redio ya kupokelea, na kudhani kwamba vijenzi vidogo vya huko vinafaa huku. Tumekwisha kuona matokeo yake.

Trepu. Kutohoa ni njia halali, nasi tumeitumia kwa kapasita, koili na antena bila ya kinyongo. Lakini utohozi hufaa pale neno la asili linapokuwa tupu la maana nyingine, au linapotumika sawasawa katika lugha nyingi. Hapa lugha nyingine hazikukubaliana. Wajerumani husema "Sperrkreis", yaani saketi inayozuia. Wafaransa wana "circuit bouchon", saketi iliyo kama kizibo cha chupa. Hakuna sababu ya sisi kuukopa mkanganyiko wa lugha moja wakati jirani zake wameuepuka.

Kizibo. Ni jina lenye picha, lakini kizibo huziba kila kitu, maji na mafuta sawasawa. Kijenzi chetu huziba kwa mmoja tu.

Chujio. Neno hili limekwisha kuzoeleka kwa jamii nzima ya saketi zinazotenganisha masafa. Kijenzi chetu ni mmoja wa jamii hiyo. Kumwita mtoto kwa jina la ukoo si kosa, ila hakumtofautishi na nduguze.

Lango. Jina hili lina haki kubwa, kwani lango hufungwa na hufunguliwa. Lakini katika elektroniki lango linahitajika kwa dhana nyingine, zile za saketi za kompyuta na za transista. Istilahi moja kubeba dhana mbili ndani ya fani moja ni jambo la kuepukwa.

Kizuia masafa. Jina hili limeundwa kwa kanuni iliyokwisha kukubaliwa na wasemaji: kipaza sauti, kinasa sauti, kizima moto. Linataja kazi na linataja kinachofanyiwa kazi. Halimdanganyi mtu kwamba kuna kitu kinachowekwa ndani. Linaeleza kwa nini volteji ni kubwa hapo, kwa kuwa mahali palipozuiwa ndipo panapojaa. Kasoro yake ni kwamba halisemi lolote juu ya bendi zinazopita. Hata hivyo istilahi haipaswi kuwa somo zima. Yatosha isiwe kinyume cha somo.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kizuia masafa.

7. Mapendekezo

Tunatoa hapa chini istilahi chache za somo hili pamoja na maana zake, ili walimu na wafasiri wazijaribu katika kazi zao.

Kizuia masafa: saketi ya koili na kapasita sambamba, inayowekwa katika waya wa antena ili kuukata waya huo kwa masafa ya bendi moja na kuuacha ukiwa mzima kwa masafa ya bendi nyingine.

Mwitiko: hali ya saketi ambapo ukaidi wa koili na wa kapasita unalingana katika masafa mamoja. (Hatukupendekeza mwangwi, kwa kuwa mwangwi ni sauti inayorudi baada ya kugonga kitu.)

Masafa ya mwitiko: masafa ambayo hali hiyo hutokea.

Kebo ya koaksi: kebo yenye waya wa ndani, kihami, na wavu wa nje vyenye mhimili mmoja.

Kizuia masafa cha kebo: kizuia masafa ambacho koili na kapasita yake zimetokana na kipande kimoja cha kebo ya koaksi.

Gogo la koili: kitu kisichopitisha umeme ambacho waya wa koili huzungushwa juu yake.

Redio ya ridhaa: huduma ya mawasiliano ya redio inayoendeshwa na watu wenye leseni kwa kujifunza na kuwasiliana, bila ya malipo.

8. Hitimisho

Utaratibu wa kuunda istilahi uliozoeleka hutuelekeza kwanza kwenye Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha kwenye lugha za Kibantu na nyinginezo za Kiafrika, na hatimaye kwenye lugha za kigeni. Utaratibu huo ni mwema, lakini unaeleza mahali pa kulitafuta neno tu. Haumwambii mtafutaji ni dhana gani anayoitafutia neno. Kwa mfano huu tumeona kwamba neno la Kiswahili safi kabisa, mtego, lingeweza kutupotosha kuliko neno la mkopo.

Tunawasihi basi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandaa miongozo ya ufundi, wanapokuta neno fupi la kila siku katika kitabu cha fani, wajiulize maswali matatu kabla ya kuandika tafsiri yake. Kitu hiki kimeundwa kwa nini? Kinafanya kazi gani, na je, ndiyo kazi ile ile kiliyokuwa kikiifanya kilipopewa jina? Mtu atakayesoma tafsiri yetu kisha aende dukani, atanunua nini? Swali la tatu ndilo kipimo cha mwisho. Kijana wa Tanga au wa Kisumu anayejitengenezea antena kwa bomba la mfereji na kebo ya televisheni hana mwingine wa kumwongoza zaidi ya maneno tuliyomwandikia, na kapasita atakayoinunua kwa akiba yake itapona au itapasuka kwa kadiri maneno hayo yalivyo ya kweli.